KELELE ZINAZOVUKA DARI NA UKUTA: TUZIPUNGUZEJE NYUMBANI?



Katika ukurasa huu wa afya tumezoea kuzungumza juu ya malaria, maji safi, chanjo na lishe ya watoto. Mwezi huu tunapenda kuzungumzia jambo ambalo wengi hawalihesabu kuwa ni la afya, nalo ni kelele za nyumbani. Hatusemi juu ya baa wala mashine ya kusaga. Tunasema juu ya kelele zinazotoka katika nyumba zetu wenyewe, zikamwangukia aliye ghorofa ya chini au zikavuka ukuta na kumwamsha jirani wa chumba cha pili.

Huenda mtu akauliza: ghorofa ziko wapi huku kwetu? Ni kweli, nyumba nyingi za Ngara na Biharamulo ni za chini. Hata hivyo, kando ya barabara kuu nyumba za ghorofa moja zinaongezeka: chini duka au mgahawa, juu vyumba vya kulala. Tangu daraja jipya la Rusumo na kituo cha pamoja cha mpaka vizinduliwe rasmi mwaka 2016, wageni na wapangaji nao wanahitaji mahali pa kulala. Tena, vijana wetu wanaokwenda Mwanza au Dar es Salaam hupanga katika maghorofa. Na hata katika nyumba za chini, vyumba vya kupanga vilivyopangwa mstari mmoja chini ya bati moja vina shida ile ile. Ukikohoa chumba cha kwanza, wa chumba cha nne anakuambia pole!

KWA NINI KELELE NI SUALA LA AFYA

Mtu aliyelala hafungi masikio yake. Macho tunayafumba, lakini sikio liko kazini usiku kucha. Kishindo kinapotokea, mwili hushtuka kama unaojiandaa kukimbia hatari: moyo hupiga haraka zaidi na presha hupanda kidogo, hata kama mtu hakuamka na asubuhi hakumbuki kitu. Jambo hilo likirudiwa mara nyingi kila usiku, miaka kwa miaka, huongeza uwezekano wa kupata shinikizo la damu na ugonjwa wa moyo. Kwa hiyo mtu anayesema "mimi nimeshazoea kelele" huenda masikio yake yamezoea, lakini moyo wake haujazoea.

Kelele hupimwa kwa kipimo kinachoitwa desibeli. Mnong'ono ni kama desibeli 30, na mazungumzo ya kawaida ni kama 60. Kila zinapoongezeka desibeli 10, sikio husikia kana kwamba sauti imekuwa kubwa mara mbili. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999, lilishauri kwamba chumba cha kulala kisizidi desibeli 30 usiku kwa kelele za mfululizo, wala 45 kwa kishindo cha ghafla. Maana yake ni kwamba mazungumzo ya kawaida upande wa pili wa ukuta mwepesi yanatosha kuharibu usingizi.

Usingizi si uvivu. Mtoto wa miezi 4 hadi 12 anahitaji saa 12 hadi 16 kwa siku, pamoja na usingizi wa mchana. Wa miaka 3 hadi 5 anahitaji saa 10 hadi 13, wa shule ya msingi saa 9 hadi 12, na mtu mzima si chini ya saa 7. Mtoto asiyelala vizuri huwa mkali, husinzia darasani na hukumbuka kidogo. Dereva wa lori aliyekoseshwa usingizi na viti vinavyoburutwa juu ya kichwa chake ataendesha gari zito kwenye miteremko yetu huku akisinzia, na watembea kwa miguu ni watoto wetu.

Kelele huathiri hata masomo. Mwaka 1975 mtafiti Arline Bronzaft na mwenzake walichapisha uchunguzi juu ya shule moja ya New York, Marekani, iliyokuwa jirani na reli ya juu. Watoto waliosomea upande wa reli walikuwa nyuma katika kusoma kuliko wenzao wa upande wa pili wenye utulivu. Wale wa darasa la sita walikaribia kuwa nyuma kwa mwaka mzima. Baadaye wenye reli walitia mpira chini ya reli, na madarasa ya upande huo yakawekwa dari ya kunyonya sauti. Uchunguzi uliorudiwa na kuchapishwa mwaka 1981 uliona kuwa ile tofauti imetoweka. Tulishike neno hili la mpira, maana tutalirudia.

Sisi wauguzi tumefundishwa jambo hili tangu zamani. Florence Nightingale, katika kitabu chake cha uuguzi cha mwaka 1859, alitenga sura nzima kwa ajili ya kelele. Alionya juu ya kelele zisizo za lazima, juu ya watu wanaonong'ona mlangoni kwa mgonjwa, na hata juu ya nguo za wauguzi zinazochakarisha. Ukimpeleka mgonjwa wako nyumbani kutoka wodini, utulivu ni sehemu ya dawa aliyoandikiwa.

KELELE HUSAFIRI KWA NJIA MBILI

Kabla ya kununua chochote, ni lazima kujua kelele inapita njia gani. Ziko mbili, na dawa ya moja haitibu nyingine.

Njia ya kwanza ni ya hewa. Sauti ya redio, mazungumzo na kilio cha mtoto hutembea hewani, hugonga ukuta au sakafu, na sehemu yake hupenya. Sauti hizi huzuiwa na uzito na kuziba matundu. Ukuta wa tofali uliopigwa lipu pande zote mbili huzuia vizuri. Ukuta wa mbao nyembamba huzuia kidogo sana.

Njia ya pili ni ya mshindo. Kisigino kinapogonga sakafu, kinu kinapotwangwa, kiti kinapoburutwa au mlango unapobamizwa, nyumba yenyewe inatetemeka na kubeba sauti katika mwili wake. Hapa uzito peke yake hautoshi. Sakafu ya zege huzuia mazungumzo vizuri, lakini hubeba mshindo mpaka mbali. Ndiyo maana mpangaji wa chini humsikia wa juu akitembea ingawa hasikii maneno yake. Mshindo huzuiwa na kitu laini kinachowekwa pale pale unapoanzia.

Fanyeni jaribio dogo. Mmoja akae chumba kinachosumbuliwa, mwingine aende kule kelele zinakotoka. Kwanza azungumze kwa sauti ya kawaida. Kisha anyamaze, atembee kwa visigino na kusogeza kiti. Mkisikia zaidi maneno, tatizo lenu ni la hewa. Mkisikia zaidi hatua na kiti, tatizo ni la mshindo. Jaribio hili ni la bure.

KUPUNGUZA MSHINDO

1. Miguu ya viti, meza na vitanda ivalishwe mpira. Kata vipande vya kandambili zilizochakaa au vya tyubu ya lori, vigundishe au uvifunge miguuni. Mpira wa namna hii unapatikana kwa mafundi wa magurudumu kwa bei ndogo au bure. Ni akili ile ile ya mpira chini ya reli ya New York.

2. Kinu kisitwangwe ghorofani. Kisamvu na karanga zitwangwe chini, uani, juu ya udongo. Kama hakuna uani, weka chini ya kinu kipande cha tairi na juu yake gunia lililokunjwa mara kadhaa, na utwange mchana. Vivyo hivyo cherehani ya miguu: iwekwe juu ya mpira, isigusane na ukuta.

3. Tandikeni sakafu. Zulia nene ni bora, lakini hata jamvi au mkeka juu ya gunia husaidia, hasa mahali watoto wanapochezea na njia ya kwenda chooni usiku. Marumaru ni safi na rahisi kuyapiga deki, ila ni magumu, na kila kinachoanguka juu yake husikika chini.

4. Viatu vivuliwe mlangoni. Desturi hii inapunguza kelele na uchafu kwa pamoja.

5. Milango isibamizwe. Pigilia vipande vyembamba vya tyubu kwenye fremu pale mlango unapogonga, na tia mafuta kidogo kwenye bawaba.

6. Sabufa isikae sakafuni wala isiegemee ukuta. Sauti nzito ya besi inaingia moja kwa moja katika nyumba. Iinue juu ya kipande cha sponji au godoro kuukuu, punguza besi, na uiweke upande usiopakana na chumba cha kulala cha jirani.

KUPUNGUZA SAUTI ZA HEWANI

Dawa ya kwanza ni kuziba matundu. Sauti ni kama maji, haihitaji mlango mkubwa. Ukuta wenye matundu yanayofikia sehemu moja tu ya mia ya eneo lake hauwezi kupunguza zaidi ya desibeli 20, hata ungekuwa wa mawe. Ziba kwa saruji au udongo nyufa za ukuta wa kati, nafasi kuzunguka fremu, na tundu zilizopitishiwa nyaya za umeme kati ya vyumba. Chini ya mlango wa ndani pigilia ukanda wa tyubu unaogusa sakafu.

Katika vyumba vya kupanga tundu kubwa liko juu. Kuta nyingi za kati huishia kwenye mtambaapanya, na kutoka hapo hadi batini ni wazi. Hata palipowekwa dari ya mbao au jipsamu, sauti hupanda kupitia dari nyepesi, hutembea chini ya bati na kushuka chumba cha pili. Hakuna pazia litakalotibu hilo. Dawa ni kumalizia ukuta wa kati kwa tofali hadi unapokutana na bati, na kupiga lipu. Ni kazi ya fundi mmoja na tofali chache kwa kila chumba, nasi tunawaomba wenye nyumba waione kuwa ni sehemu ya chumba wanachokitoza kodi.

Dawa ya tatu ni kupanga vitu. Kabati la nguo lililojaa, likiwekwa kwenye ukuta wa jirani, huongeza uzito kidogo. Kitanda cha mtoto kiwe ukuta ulio mbali na redio. Chumba cha mgonjwa kisiwe chini ya sebule wala chini ya jiko.

YASIYOSAIDIA NA YENYE HATARI

Wapo wanaobandika trei za mayai ukutani wakidhani zitazuia sauti. Hazizuii. Ni nyepesi mno. Hupunguza mwangwi kidogo ndani ya chumba, lakini jirani ataendelea kusikia kila neno, na zaidi ya hapo zinafuga mende na kushika moto upesi. Sponji ukutani ni hivyo hivyo.

Tunaomba sana, kwa jina la Mungu, msizibe madirisha na matundu ya hewa yanayotoka nje. Ukuta wa kati ya vyumba uzibwe; wa nje upitishe hewa. Chumba kisicho na hewa hueneza kifua kikuu. Na kama mna jiko la mkaa ndani, hewa yake ya sumu, isiyo na harufu wala rangi, inaua familia nzima ikiwa imelala. Jiko la mkaa lisilale ndani kamwe.

Tusiwape watoto dawa za mafua, za kikohozi au za usingizi ili walale katika kelele. Dawa hizo zinaweza kupunguza pumzi ya mtoto mdogo. Tusisukume pamba ndani ya sikio kwa kijiti. Hunasa na kuumiza. Wala tusishindane na kelele ya jirani kwa kuongeza redio yetu. Hapo wagonjwa wanakuwa wa nyumba mbili.

KWA ANAYEJENGA

Ni nafuu kuzuia kelele siku ya kujenga kuliko baadaye. Kinga ni bora kuliko tiba. Mafundi wa zamani wa Mji Mkongwe wa Zanzibar walijenga sakafu za juu kwa boriti za mikoko, na juu yake mawe na chokaa. Uzito ule unazuia sauti za watu. Sakafu ya mbao tupu, kinyume chake, inalia kama ngoma. Ukiweza kumwaga zege, mwaga, kisha panga kutandika kitu laini juu yake.

Panga vyumba vizuri: chumba cha kulala kiwe juu ya chumba cha kulala, jiko juu ya jiko, choo juu ya choo. Ngazi zisipite ubavuni mwa kitanda cha mtu. Kuta za kati zifike kwenye bati tangu mwanzo. Na vitanda viwe upande usioelekea barabara, maana malori ya Kigali na Dar es Salaam hayatapungua.

KUSEMA NA JIRANI

Jirani wa juu mara nyingi hajui. Kwake sakafu iko kimya. Mwendee mchana, si usiku ukiwa na hasira. Msalimie, umweleze unachosikia bila kumlaumu, na kama inafaa mkaribishe kwako asikie mwenyewe: "Karibu ndugu, kaa hapa kidogo, tumwombe mtoto atembee kule juu." Akisikia kwa masikio yake, kazi nusu imekwisha. Mpelekee hata vipande vya mpira ulivyokwisha kukata. Kubalianeni saa za utulivu, kwa mfano kuanzia saa tatu usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na mkumbuke pia wanaolala mchana: walinzi, madereva na wauguzi wa zamu ya usiku.

Asiposikia, mfuateni pamoja na mwenye nyumba au wazee wa jumuiya, kisha mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji. Ipo pia sheria: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na kanuni zake za mwaka 2015 juu ya kelele na mitetemo. Lakini kabla ya kufika huko, upatanisho wa jirani na jirani ndio unaodumu.

Sisi tulio wa Kanisa nasi tujichunguze. Mazoezi ya kwaya nyumbani hadi usiku wa manane si sifa kwa Mungu ikiwa nyuma ya ukuta yupo mama aliyejifungua jana. Kitabu cha Mithali (27:14) kinatukumbusha kwamba hata maneno ya baraka, yakipaazwa alfajiri mbichi, jirani huyapokea kama laana. Na nabii Eliya, kule mlimani, hakumkuta Bwana katika tufani wala katika tetemeko, bali katika sauti ndogo ya utulivu.

KELELE ISIYOPASWA KUNYAMAZISHWA

Neno la mwisho ni zito. Ukuta mzuri unalinda siri za familia, na hilo ni jema. Watoto hawapaswi kusikia kila kitu cha wazazi. Lakini ukuta usitufanye viziwi. Mwanamke anayepiga yowe kwa kupigwa, mtoto anayelia kwa kuteswa, mzee anayeita usiku bila kujibiwa: hizo si kero, ni wito. Usiongeze redio. Gonga mlango, ita majirani, toa taarifa kwa viongozi au kwa Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Tunapunguza kelele zisizo na maana ili zile zenye maana zisikike.

MASWALI KWA JUMUIYA NDOGONDOGO

1. Katika nyumba yetu, ni kelele zipi ni za hewa na zipi ni za mshindo? Tufanye jaribio wiki hii.
2. Ni nani anayelala chini yetu au nyuma ya ukuta wetu: mtoto, mgonjwa, mzee, mfanyakazi wa usiku? Je, tumewahi kumuuliza analalaje?
3. Jumuiya yetu inaweza kukusanya tyubu na kandambili chakavu na kuzivalisha miguu ya viti vya nyumba ngapi kwa Jumamosi moja?
4. Tunafanya nini tunaposikia kilio cha kuomba msaada kwa jirani?

Tunawatakia nyote usingizi mwema na amani nyumbani. Mungu awabariki.